Tundu katika hazina tupu: namna ya kudai zawadi bila kugusa fedha za watu

"Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Lubumbashi, ninaishi Katuba, na kwa miaka miwili nimekuwa nikijifunza usiku Solidity, lugha ya kuandikia programu za mtandao wa Ethereum. Mwezi uliopita nilisoma msimbo wa mradi mmoja wa fedha zilizogatuliwa, yaani huduma ya fedha inayoendeshwa na msimbo bila benki, ulio kwenye Ethereum. Mradi una hazina tatu: mbili za zamani zenye jumla ya dola milioni 3, na ya tatu mpya ambayo bado ni tupu. Nimeona kwamba hazina huhesabu mali yake kwa kuangalia tu salio la anwani yake, na naamini mtu anaweza kulitumia jambo hilo kuwaibia wanaoweka fedha. Mradi umetangaza zawadi ya 'mpaka dola 50,000' kwa kasoro kubwa kabisa. Niliandika katika kikundi chao cha Telegram kwamba nimepata kasoro, nikauliza watanilipa kiasi gani. Siku tisa zimepita bila jibu. Binamu yangu ananishauri niitumie kasoro hiyo kutoa kiasi kidogo ili waamini, au nichukue chote kisha nibaki na asilimia 10, kwa kuwa ndiyo desturi. Pia sina pasipoti, nina kadi ya mpiga kura tu. Nifanye nini?"

Mwalimu, kabla ya mengine yote nakuomba usitume muamala wowote unaoigusa kasoro hiyo kwenye mtandao halisi, hata wa dola moja. Naelewa kinachokusumbua: umefanya kazi ya kweli kwa usiku mwingi, unaogopa kwamba ukieleza kila kitu watakitengeneza kimyakimya bila kukulipa, na ukinyamaza mwingine ataiba. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu miradi inayowanyima watafiti haki yao ipo. Hata hivyo njia anayokuonyesha binamu yako itakuondoa upande wa mtafiti na kukuweka upande wa mshtakiwa, tena bila kukuongezea uhakika wa kulipwa.

Nianze na hilo la kutoa kidogo ili waamini. Muamala unaotumwa kwenye Ethereum kwa njia ya kawaida husubiri kwanza katika foleni ambayo kila mtu anaweza kuitazama, na kuna programu zinazokaa usiku na mchana zikiichungulia, zikinakili muamala wowote wenye faida na kuutanguliza kwa kulipa ada kubwa zaidi. Hata ukipita bila kunakiliwa, ukishaingia katika bloku, yaani ukurasa wa daftari la wazi la Ethereum, unabaki hapo milele, na yeyote anaweza kuusoma hatua kwa hatua. Daraja la Nomad, yaani mfumo wa kuhamisha sarafu za kidijitali kati ya mitandao, liliporomoka hivyo mwezi Agosti 2022. Mtu wa kwanza alipofanikiwa kutoa fedha kwa ujumbe usio na uthibitisho, mamia ya anwani nyingine zilinakili muamala wake, zikabadilisha tu anwani ya mpokeaji, na takriban dola milioni 190 zikaondoka kwa saa chache. Wengi wao hawakuhitaji kuielewa kasoro yenyewe. Ushahidi wako mdogo ungekuwa somo la bure kwa watu wa namna hiyo.

Kuhusu asilimia 10, binamu yako amesikia jambo la kweli akalishika vibaya. Programu nyingi za zawadi, hasa zile zinazopitia Immunefi, jukwaa linalopokea ripoti za kasoro kwa niaba ya miradi, hupima zawadi ya kasoro kubwa kabisa kwa asilimia 10 ya fedha zilizo hatarini, na kuweka kikomo cha juu. Hiyo ni bei ya taarifa inayotolewa kabla ya madhara. Ni kweli pia kwamba baada ya wizi miradi kadhaa imemwambia mwizi abaki na sehemu na kurudisha iliyobaki, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyeshikwa koo, na hayamfungi mwendesha mashtaka wa nchi yoyote. Mwezi Oktoba 2022 fedha zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 zilitolewa katika mradi wa Mango Markets kwa kupandisha kwa hila bei ya tokeni, yaani sarafu ya kidijitali ya mradi. Wanachama wa mradi walipiga kura kukubali mtoaji abaki na dola milioni 47 hivi na wasimshtaki. Pamoja na kura hiyo alikamatwa mwezi Desemba mwaka huohuo, baraza la wazee wa mahakama mjini New York likamtia hatiani Aprili 2024, na jaji akaja kuitengua hukumu hiyo Mei 2025. Hata kama mwisho ulikuwa hivyo, fikiria mwalimu wa Katuba angewezaje kubeba miaka miwili na zaidi ya shauri la aina hiyo. Hapa kwetu nako kuna Sheria ya Kidijitali, yaani amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini. Wazo kwamba msimbo ukiruhusu jambo basi jambo hilo ni halali linapendwa sana na watu wa sekta hii, lakini usilitegemee kuwa kinga.

Sasa tuingie kwenye kasoro yenyewe, maana ndiyo itakayoamua unastahili kiasi gani.

Mfikirie karani wa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu. Karani mmoja huandika katika daftari kila fedha inayopita mkononi mwake. Mwingine hana daftari, kila mara hufungua sanduku na kuhesabu kilichomo. Hazina uliyoisoma ni ya karani wa pili, na mtu yeyote anaweza kutumbukiza fedha ndani ya sanduku bila kupita kwake. Anayeweka fedha hupewa hisa kwa hesabu hii: kiasi anachoweka, mara hisa zote zilizopo, gawanya kwa mali yote iliyomo. Kwa kuwa Ethereum hutumia namba nzima tu, jibu lenye sehemu hukatwa kwenda chini.

Mwizi anatangulia kuingia katika hazina tupu. Anaweka kipande kidogo kabisa cha tokeni, kisichofikia hata senti, naye anapewa hisa 1. Kisha anatuma tokeni za dola 10,000 moja kwa moja kwenye anwani ya hazina bila kuomba hisa yoyote. Sasa hisa 1 ina thamani ya dola 10,000. Anakuja mama mmoja na dola zake 15,000: 15,000 mara 1, gawanya kwa 10,000, ni 1.5, na msimbo unampa hisa 1. Sanduku lina dola 25,000 na hisa 2, kwa hiyo kila hisa ni dola 12,500. Mama amepoteza dola 2,500 ndani ya muamala mmoja, nazo zimekwenda kwa mwizi. Kama angeleta dola 9,000, hesabu ingetoa 0.9, yaani hisa 0, na mwizi angeondoka na dola zote 19,000. Wewe unayefundisha watoto kukadiria namba utaona kwamba hapa hakuna uchawi wowote: ni desimali zilizotupwa, na mtu aliyejua zitatupwa upande gani.

Hapo ndipo ninapolazimika kukupunguzia matumaini kidogo. Katika hazina mbili za zamani hila hii haifanyi kazi. Hisa zilizomo ni nyingi na ziko mikononi mwa watu wengi. Atakayetumbukiza dola 10,000 atakuwa amewagawia wenye hisa wote zawadi, naye atapata hasara. Kwa hiyo fedha zilizo hatarini si zile dola milioni 3, bali ni za watu wa kwanza watakaoingia katika hazina mpya. Ukiandika katika ripoti kwamba milioni 3 zinaweza kuibwa, msomaji wao atajaribu, ataona si kweli, na huenda asifike ukurasa wa pili. Ikiwa programu yao inafuata kanuni ya asilimia 10, na fedha zinazoweza kuguswa ni dola 40,000, unazungumzia dola 4,000. Neno "mpaka" katika tangazo lao lina uzito kuliko namba inayolifuata.

Tena kasoro hii inajulikana. Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, katika toleo lake la pili la mwaka 2020 iliunguza kwa makusudi, yaani iliviondoa visitumike na mtu yeyote, vipande 1,000 vya kwanza vya hisa ili bei ya hisa moja isipandishwe kirahisi, na OpenZeppelin, kampuni inayotoa msimbo ulio tayari kutumiwa na wengine, iliweka kinga ya hisa za kufikirika, yaani hisa zinazoongezwa katika hesabu tu bila kuwa na mwenyewe, katika maktaba yake toleo 4.9, mwaka 2023. Kujulikana kwake hakuifanyi isiwe kasoro. Ila soma kwanza ripoti za ukaguzi ambazo mradi umechapisha: kama mkaguzi aliitaja nao wakaandika kwamba watatangulia wenyewe kuweka fedha siku ya kufungua, ripoti yako itakataliwa kwa haki.

Kuna swali moja ambalo sijui kama umejiuliza, nalo linaweza kubadilisha kila kitu. Je, hisa za hazina hiyo mpya zinapokelewa mahali popote kama rehani ya mkopo? Ikiwa ndiyo, hatari haiishii kwa mama wa dola 15,000. Mradi wa mikopo wa Hundred Finance, Aprili 2023, ulipoteza takriban dola milioni 7 kwa njia hiyo, na mwenzake Sonne Finance takriban milioni 20 Mei 2024, yote miwili kwenye Optimism, mtandao uliojengwa juu ya Ethereum. Mshambuliaji aliingia katika soko tupu, akaivimbisha thamani ya hisa chache, akazitumia kama rehani kukopa fedha katika masoko mengine yaliyojaa, kisha akatumia ukataji uleule wa desimali kuitoa rehani yake na kuacha deni nyuma. Katika tukio la Sonne, mtafiti mmoja aliokoa takriban dola milioni 6.5 kwa kuweka tokeni za VELO zenye thamani ya dola 100 hivi katika soko lililokuwa linashambuliwa, kwa kuwa soko lililokwisha kuwekwa kitu halikuwa tupu tena. Fuatilia basi mikataba mahiri yote, yaani programu zinazokaa kwenye Ethereum, inayoitaja anwani ya hazina mpya. Ukikuta mkopeshaji anayeipokea, dola milioni 3 huenda zikawa hatarini kweli, na hapo una haki ya kuandika hivyo.

Uthibitisho wake ufanyie kwenye nakala ya mtandao, katika kompyuta yako. Ukiwa na Foundry, zana za kujaribia mikataba mahiri, programu yake ya Anvil huchukua hali ya Ethereum ilivyokuwa katika bloku utakayoitaja na kukupa mtandao wako binafsi wenye mikataba ileile na salio zilezile. Humo unaweza kuwa mwizi, mama na karani, na hakuna anayepoteza hata frangi. Itaje namba ya bloku kila mara. Faida ya kwanza ni kwamba msomaji wao atapata matokeo yaleyale uliyopata wewe. Ya pili ni yetu sisi wa Lubumbashi: bloku ikishatajwa, Foundry huhifadhi data iliyopakua kwenye diski, hivyo baada ya jaribio la kwanza hupakui tena yaleyale, na bando lako linadumu. Mimi miaka yangu ya mwanzo nilikuwa sitaji bloku, na kila umeme ulipokatika na kurudi nilianza upya kupakua kila kitu.

Katika miaka hiyohiyo nilituma ripoti yangu ya kwanza kwa mradi ambao sitautaja. Nilieleza kasoro kwa kurasa sita nzuri bila jaribio hata moja la kuendeshwa. Walijibu kwa mstari mmoja kwamba hawaoni athari. Wiki tano baadaye niliona katika historia ya msimbo wao kwamba mstari niliowaonyesha umebadilishwa. Niliumia, na mpaka leo naamini walinidhulumu, lakini sikuwa na cha kuonyesha kwa mtu wa tatu. Tangu siku hiyo situmi neno bila jaribio linaloendeshwa kwa amri moja na kuchapisha salio kabla na baada. Kwako jaribio liwe fupi: salio la mwizi 10,000, la mama 15,000, hatua nne, salio la mwisho la mwizi 12,500. Msomaji anapaswa kuiona hasara kabla hajasoma maelezo.

Kuhusu ukimya wa siku tisa, naomba uupokee ushauri huu kwa moyo mwema: ujumbe wako haukuwa ripoti. Mtu anayeandika hadharani "nina kasoro, mtanilipa kiasi gani?" hafanani na mtafiti machoni mwao, anafanana na mtu anayedai kikombozi, na vikundi hivyo hupokea jumbe za namna hiyo kila siku kutoka kwa matapeli. Tena umewaamsha matapeli wenyewe. Atakayekufuata kwa ujumbe wa siri akijiita mfanyakazi wa mradi, akakuomba uunganishe pochi yako na kiungo fulani au ulipe ada ndogo ili zawadi itoke, ni mwizi. Hakuna programu ya kweli inayomtoza mtafiti ili imlipe.

Futa ujumbe ule kama bado unaweza, kisha upite katika mlango rasmi uliotajwa kwenye ukurasa wa programu yao. Kama programu iko kwenye jukwaa kama Immunefi, tuma humo, kwa sababu ripoti itawekwa saa na tarehe, na jukwaa linaweza kuombwa kusuluhisha mkibishana. Eleza athari kwa sentensi mbili, weka jaribio, taja ni nani anapoteza na chini ya masharti gani, kisha pendekeza dawa: hisa za kufikirika, au daftari la ndani badala ya kuhesabu sanduku, au wao wenyewe kuweka kiasi cha kwanza na kuziunguza hisa zake kabla ya kufungua. Dawa ya mwisho wanaweza kuitekeleza siku hiyohiyo. Usitaje bei. Bei imeandikwa katika masharti yao, na kazi yako ni kuthibitisha kasoro inaangukia daraja gani. Ndiyo, ukituma kila kitu unajiweka mikononi mwao, hilo sitakuficha. Lakini masharti yaliyotangazwa kabla, ripoti yenye saa, na jaribio linaloendeshwa ni silaha tatu halali, na wenye mradi wanaojali jina lao huogopa kuonekana wamezipuuza.

Waliolipwa vizuri kihistoria walifanya hivyohivyo. Mwaka 2022 daraja la Wormhole lilimlipa mtafiti mmoja dola milioni 10 kwa taarifa aliyoitoa wiki chache tu baada ya daraja hilohilo kuibiwa zaidi ya dola milioni 300 kupitia kasoro nyingine. Mwaka huohuo Optimism ililipa zaidi kidogo ya dola milioni 2 kwa kasoro iliyoruhusu kuzalisha ether, sarafu ya Ethereum, kutoka hewani. Nakutajia hayo ili ujue kwamba fedha zipo, na nakuomba usiyafanye kuwa mpango wa maisha. Ripoti nyingi huishia kukataliwa: nyingine zimekwisha kuripotiwa, nyingine ziko nje ya masharti. Usiache darasa lako. Ukitaka kipato kinachokuja kidogokidogo wakati unajifunza, jaribu mashindano ya ukaguzi ya majukwaa kama Sherlock, ambako msimbo unawekwa wazi kwa siku kadhaa na zawadi inagawanywa kwa walioona kasoro. Wakiwa wengi walioiona moja, kila mtu anapata kipande chembamba.

Kuhusu vitambulisho, programu hazifanani. Baadhi hazikuulizi chochote, nyingine hudai kitambulisho kabla ya kulipa, na masharti yao yanasema ni kipi. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa na vya Marekani vinavyohusu Kongo vinawalenga watu na makundi yaliyotajwa kwa majina, si kila raia, lakini soma mwenyewe orodha ya nchi ambazo mradi umezikataa. Kadi ya mpiga kura inakutosha hapa nyumbani, ila mtu aliyeko Ulaya anaweza asiijue, kwa hiyo wakitangaza kwamba wanahitaji pasipoti, anza kuitafuta sasa. Malipo mara nyingi huja kwa USDC, sarafu ya kidijitali inayolingana na dola: hakikisheni mmekubaliana mtandao gani, waombe watume kiasi kidogo kwanza, na siku ya kubadilisha kuwa dola za mkononi usikutane na mtu usiyemjua mahali pa faragha, wala usiamini ujumbe wa simu kwamba fedha zimeingia mpaka uangalie salio wewe mwenyewe.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kama umekwisha kujaribu kasoro hiyo kwenye mtandao halisi, hata kwa fedha zako mwenyewe, au mtu wa mradi amekutishia, au wamekutumia hati ya kutia saini inayokuzuia kusema lolote, usijibu chochote kabla hujaketi ana kwa ana na wakili wa hapa mjini. Mpelekee masharti ya programu yaliyochapwa na mawasiliano yote kwa tarehe zake. Hahitaji kuijua Ethereum. Anahitaji kuona idhini uliyopewa ilikuwa na mipaka gani.

Jambo la mwisho lifanye leo jioni kabla ya kuandika ripoti. Angalia idadi ya hisa za hazina mpya na salio lake. Zote mbili zikiwa 0, unao muda wa kuandika vizuri. Ukikuta hisa 1 au chache mno, na salio kubwa limekaa juu yake, mtu mwingine ameiona kasoro uliyoiona na ametega. Hapo usisubiri jukwaa: tuma taarifa kwa SEAL 911, bot ya Telegram ya kundi la watafiti wa Security Alliance linalopokea dharura za aina hii, nao watawatafuta wenye mradi wakati wewe unatuma ripoti yako kwa njia rasmi. Hata hapo usijaribu kuokoa kwa mkono wako. Kuna mkataba wa kinga kwa waokoaji uliotolewa na kundi hilo mwaka 2024, lakini unamlinda mtafiti kwa mradi ulioukubali kabla ya shambulio na wakati shambulio linaendelea, nawe hujaniambia kwamba mradi huu umeukubali.